Kutoka Mlangoni Mpaka Mlangoni

Kwa miaka sita nimesimama mbele ya mzani wa chama chetu cha ushirika hapa Ihanda, Karagwe, nikipima kahawa za watu, na sijawahi kugombana na mkulima hata mmoja kwa sababu ya kilo. Wananijua. Wanasema Kokwijuka hana maneno mengi, ila jicho lake haliondoki kwenye mshale. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo anawezaje kumpenda mwanamume asiyejua kupima?

Lakini nilimpenda. Nilimpenda Theoneste tangu siku ile alipokuja ghalani kukagua ubora, akachovya kijiko kwenye kikombe changu bila kuomba ruhusa, akaivuta kahawa kwa kelele mpaka wapagazi wakacheka. Kisha akaniangalia machoni akasema, "Hii imekaushwa na mtu asiye na haraka." Nilikuwa nimeikausha mwenyewe, nyumbani kwa baba. Tangu siku hiyo moyo wangu haukunisikiliza tena.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Mwaka mmoja tulikuwa pamoja. Miwili iliyofuata yeye amekuwa Antwerp, mji wa bandari huko Ubelgiji, akionja kahawa katika kampuni inayoinunua, nami nimekuwa Ihanda nikiongea na kioo cha simu. Sasa alikuwa amekuja likizo ya wiki tatu, na Jumatatu alikuwa anarudi. Jumamosi hii ndiyo siku aliyokuja kuniposa. Nilikuwa nimeshamwambia mapema, tena bila kumung'unya maneno: "Baba akikataa, siendi. Sitatoroka, wala sitafunga ndoa ya siri bomani. Nampenda baba yangu."

"Atakubali," alinijibu. Wanaume wana imani ya ajabu.

Walifika saa nne asubuhi kwa gari la kukodi kutoka Kaisho, yeye na baba yake mdogo, mzee Mbonimpa, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Mzee Mbonimpa alivaa koti zito kana kwamba anakwenda kupigwa picha. Nyuma ya gari kulikuwa na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na barua ya posa alikuwa nayo kwenye mfuko wa ndani wa koti. Theoneste alivaa shati la bluu nililomchagulia mwenyewe kwenye simu. Nyusi zake zilijaa vumbi la barabarani. Nilipiga magoti kuwasalimia, "Shikamooni," na mikono yangu ikawa inawashwa kwa hamu ya kumfuta lile vumbi. Alinitazama mara moja tu, haraka, akashusha macho kwa adabu. Mara hiyo moja ilinitosha kumwaga nusu ya maji ya kunawa.

"Koku, mwanangu, maji ni ya mikono ya wageni, si ya miguu yao," mama alisema, na uso wake ulikuwa unacheka.

Baba hakucheka. Baba yangu, mzee Kamugisha, ni mtu mwembamba asiyepaza sauti. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, na pembeni yake kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kile tunachokiita akaibo. Kwetu mgeni hupewa kahawa kabla ya neno lolote zito. Mwenye nyumba akikusogezea kikapu, umekaribishwa. Akikifunika, chukua kofia yako uende.

Na kwa baba yangu zile kahawa zina kazi nyingine. Babu alikuwa akiuza mazao kwa miguu, na kila alipoanza kupanda kilima alitia kahawa moja mdomoni. Kwa hiyo kwa hesabu ya nyumbani kwetu, safari ya Kituntu haikuwa kilomita kadhaa, ilikuwa kahawa saba. Baba akarithi kipimo hicho, ila siku hizi za magari anahesabu kahawa moja kwa kila saa. Watu wanamtania, yeye hajali.

Kikapu kilizunguka, tukatafuna. Mzee Mbonimpa akasafisha koo, akaeleza kwa maneno mazuri kwamba kijana wao anakaa peke yake, nyumba yake haina jiko, na wamesikia kwamba jiko liko Ihanda.

"Jiko lipo," baba alisema. "Mnataka kulipeleka wapi?"

"Antwerp, baba," Theoneste alijibu.

"Ni mbali kiasi gani?"

Nilimwona akikaa wima. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Kutoka Kigali ni kilomita elfu sita na mia tatu hivi, baba. Lakini siku hizi huko si mbali. Ni masaa nane tu."

"Nane."

"Nane na dakika kidogo. Unapanda ndege jioni, unakula, unalala, ukiamka uko Ubelgiji."

"Huko juu wanapika?" mama aliuliza.

"Wanapasha moto, mama."

Mama akaguna. Baba alichota kahawa kwenye kikapu akazipanga juu ya mkeka, moja moja, mpaka zikatimia nane. Akaziangalia.

"Juzi nilimuuliza Placidius," alisema. Placidius ni jirani yetu, dereva wa gari la abiria, na Kigali anaijua kama jikoni kwake. "Anasema akitoka hapa alfajiri, anaingia Kigali jua likielekea kuzama. Hebu tuhesabu." Alianza kuzisogeza zile kahawa kuelekea mlangoni kwa kidole kimoja. "Kusubiri gari lijae. Omurushaka. Njia yote mpaka Rusumo. Foleni ya mpakani. Sita... saba... nane." Kidole kikasimama. "Kijana, masaa yako yameisha. Na binti yangu bado yuko ndani ya gari, amepakata begi, hata Kigali hajaiona. Hiyo ndege iko wapi?"

Mzee Mbonimpa alicheka. Kisha akagundua kwamba amecheka peke yake, akajifuta mdomo.

"Baba, nilimaanisha angani..." Theoneste alianza.

"Mimi sina nyumba angani." Sauti ya baba ilikuwa ileile ya upole, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika. "Nilikuuliza mbali ni kiasi gani, ukanipa kipande kilicho kizuri. Anayenificha njia leo, kesho atanificha nini? Barua na dumu mtarudi navyo. Chakula mtakula, nyumba hii hainyimi mtu chakula."

Akafunika kikapu.

Sikumbuki nilivyotoka. Nilijikuta nyuma ya nyumba, kwenye mikeka ya kahawa iliyoanikwa, nimeshika reki nageuza kahawa ambayo nilikuwa nimeigeuza saa moja tu iliyopita. Machozi yalikuwa yananidondoka nami sikuyafuta. Miaka miwili ya kuongea na kioo, halafu kahawa nane zinanimalizia maisha! Nilimkasirikia baba. Nilimkasirikia Placidius kwa kujua njia. Zaidi ya wote nilimkasirikia yule niliyesikia nyayo zake zikija nyuma yangu.

"Koku."

"Usinikaribie. Utakanyaga kahawa."

Akasimama ukingoni mwa mkeka. "Sikudanganya. Ndege inatumia masaa nane, angalia popote."

"Najua."

"Sasa kosa langu ni nini?"

Niligeuka nikamkabili. "Mkulima akija kwangu na gunia la kahawa ya maganda, halafu akaniambia uzito wa kahawa safi peke yake, na yeye hajadanganya. Ile safi imo ndani, na uzito wake ni huohuo. Lakini mgongoni alibeba nini, Theoneste? Alibeba na maganda. Baba alikuuliza uzito wa gunia."

Ndani tulisikia mzee Mbonimpa akisifia ndizi za mama kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayejaribu kuziba shimo kwa maneno.

"Ulidhani ni mzee wa shamba, hajui ramani," nilisema. "Ulitaka kumfanyia dunia iwe ndogo ili akupe mtoto."

"Si yeye." Alisema polepole. "Nilikuwa najifanyia mwenyewe."

"Nini?"

"Koku, kule nikitoka kazini natembea robo saa kufika nyumbani. Mwanzoni kila siku nilikuwa nahesabu njiani. Najiambia, ningeondoka asubuhi, sasa hivi ningekuwa uwanja wa ndege. Ningelala angani. Kesho ningekuwa Kigali, halafu Rusumo, halafu Benaco, halafu niko kwenye barabara yenu naona paa la ghala. Nafika mlangoni kwangu hata nusu ya njia sijamaliza. Nafungua, hakuna mtu." "Ikawa inanitesa. Basi nikaacha kuhesabu barabara. Nikawa nahesabu ndege tu. Nane naweza kuivumilia. Nikisema yote, naogopa kwamba hata wewe utaona ni mbali mno."

Reki ilinitoka mkononi. Hasira zote nilizokuwa nimezipanga zikayeyuka, na nilichukia jinsi zilivyoyeyuka upesi. Nilivuka ule mkeka mimi mwenyewe, nikikanyaga kahawa ya baba yangu, nikasimama mbele yake. Kwa kidole gumba nikamfuta vumbi la nyusi, upande wa kulia kisha wa kushoto. Alifumba macho. Nilisikia pumzi yake kwenye kiganja changu, na kwa muda huo hapakuwa na Antwerp wala Rusumo.

"Hayo ndiyo ungemwambia," nilisema.

"Mbele ya baba mdogo?"

"Mbele ya kila mtu. Rudi ndani. Mhesabie kutoka mlango huu mpaka mlango wako wa kule. Usipunguze hata dakika."

"Akikataa tena?"

Swali lenyewe lilinikata maini, maana jibu nililijua. "Akikataa, nitalia sana, na nitabaki. Lakini nitabaki nikijua kwamba nilimpenda mtu mkweli. Nenda."

Tuliporudi sebuleni sahani zilikuwa zimeshaondolewa, na mzee Mbonimpa alikuwa ameshashika kofia. Theoneste hakwenda kwenye kiti. Alipiga goti moja mbele ya baba, shati la bluu na yote.

"Baba, nisamehe. Nilikupa kipande. Naomba unipe kahawa nikupe njia nzima."

Baba akafunua kikapu, lakini hakukisogeza. Alikiweka katikati yao, kama mtu anayeweka mzani. "Sema. Nitaweka mimi."

"Kutoka mlango huu, bodaboda mpaka Omurushaka, nusu saa. Gari kujaa, saa moja na nusu."

Baba akaweka mbili.

"Omurushaka mpaka Rusumo, masaa manne. Mpakani, saa moja."

Saba.

"Rusumo mpaka Kigali, matatu." Sauti yake ilikuwa inapata nguvu kidogo kidogo. "Uwanja wa ndege wanataka ufike mapema, wakukague, usubiri. Manne. Halafu angani, nane na nusu. Sikusema ile nusu, baba. Ipo."

Mzee Mbonimpa alikuwa anamkanyaga mguu kwa siri, namna ya kumwambia yatosha, unatuharibia. Theoneste akausogeza mguu wake.

"Ukishuka Brussels, foleni ya pasipoti na mizigo, saa moja na nusu. Treni mpaka Antwerp pamoja na kuisubiri, saa moja na robo. Kutoka stesheni natembea robo saa. Ghorofa ya nne, hakuna lifti."

"Ngazi na funguo ni za nyumbani, hazihesabiwi kwenye njia," baba alisema. "Umefika. Ni ngapi?"

Theoneste alibabaika, hesabu zikamponyoka. Nikajibu mimi kutoka nilipokuwa nimesimama, maana mshale ndio kazi yangu. "Ishirini na tano na nusu, tata," nikamwita baba kwa kilugha chetu.

"Nusu haitafunwi," baba alisema, akaweka ya ishirini na sita.

"Mawe, mama yangu!" Mama alijishika kifua. "Ishirini na sita! Siku inaisha, inaanza nyingine, mtoto bado yuko njiani!"

Zile kahawa zilikuwa zimefanya mstari kutoka mguu wa kiti cha baba mpaka karibu na goti la Theoneste. Nilizitazama, nikajua ninatazama maisha yangu yote, yataanza au hayataanza. Nikajiegemeza ukutani.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Laurensia," baba alisema hatimaye. Hakuwa anamtazama mtu. "Aliolewa Biharamulo. Biharamulo si mbali. Hata zamani hizo, barabara mbaya, ilikuwa siku moja. Aliugua mwezi mzima. Shemeji zangu wakasema tusiwasumbue watu wa Karagwe, atapona. Alipofariki wakasema mvua ni nyingi, hawatafika. Habari nilizipata siku ya tisa. Nilikwenda nikakuta kaburi limeshapandwa maua." "Maua mazuri. Walimtunza, siwalaumu kwa hilo. Lakini mpaka leo sijui kama aliniita."

Mama alikuwa analia kimya kimya. Jina la shangazi Laurensia nililijua kutoka kwenye picha ya ukutani, ila hayo ya siku ya tisa sikuwahi kuyasikia. Baba alikuwa ameishi nayo peke yake muda wote huo.

"Kwa hiyo kijana, mimi sikuuliza umbali ili nijue umbali. Nataka kujua kama wewe ni mtu wa kuniambia. Binti yangu akiugua kule, nani atanipigia?"

"Mimi, baba. Asubuhi ileile."

"Na ukiona ugonjwa ni mdogo, si wa kusumbua watu?"

"Nitakusumbua."

"Na ukiwa wewe ndiye mwenye makosa? Umemwudhi, analia?"

Theoneste alisita. Nilimpenda kwa kule kusita kwake, maana safari hii alikuwa anapima kabla ya kusema. "Hapo itakuwa ngumu, baba. Nitaona aibu. Lakini simu yake iko mkononi mwake, sitaigusa. Na nikipata nguvu, nitakupigia mimi mwenyewe, unigombeze."

"Nitakugombeza kweli."

"Najua, baba."

Msichana anayeposwa hazungumzi kikaoni, hilo nalijua vizuri. Nikazungumza. "Tata, na mimi nina mdomo. Nilikuwa na homa mwezi wa tatu, uliijua kabla sijafunga mlango wa zahanati. Mtu anayekuficha jambo, kwenye nyumba hiyo hatakuwepo. Hatakuwa yeye, wala sitakuwa mimi."

Baba alitoa leso mfukoni, akaitandaza juu ya paja, akaanza kuokota zile kahawa kutoka kwenye mkeka. Aliokota zote ishirini na sita, akafunga leso mafundo mawili, akaitia kwenye mfuko wa koti lake. Theoneste alitazama ule mkeka uliobaki mtupu, na uso wake ukaisha rangi. Mzee Mbonimpa akavaa kofia.

"Vua kofia, mzee mwenzangu," baba alisema. "Hatujamaliza. Mtu akitaka kwenda huko, mtu mzima kama mimi, wanamdai nini?"

Theoneste alichukua muda kuelewa. "Pasipoti, baba. Na viza. Hizo nitazishughulikia mimi."

"Pasipoti inapatikana wapi?"

"Bukoba."

"Kahawa tatu," baba alisema. "Hizo naziweza." Akajipapasa mfuko wa koti. "Hizi ni zangu. Mkishaoana, siku nikija kuwaona nitazitafuna njiani moja moja, kuanzia mlango huu. Zikiniishia nikiwa kwenye ngazi zako, nitajua hesabu yako ilikuwa ya kweli, tutazungumza vizuri."

Kisha akainama, akakishika kile kikapu kwa mikono miwili, akakisogeza mpaka kwenye goti la Theoneste. "Wewe tafuna hizi. Na ile barua, hebu nione mwandiko."

Theoneste alichukua kahawa moja. Akaiangusha, akachukua nyingine. Aliitia mdomoni akaniangalia, na safari hii hakushusha macho. Nami sikushusha. Nilikuwa nalia, nacheka, pua inanitoka kamasi mbele ya mshenga, wala sikujali. Jumatatu angeondoka, najua, na ningebaki na kioo cha simu mpaka mwaka uishe. Lakini sasa njia ilikuwa inajulikana urefu wake wote, na kila kahawa ya njia hiyo ilikuwa kwenye mfuko wa koti la baba yangu.

"Na mimi je?" Mama aliuliza ghafla, akijifuta macho kwa upande wa khanga. "Mimi nitabaki hapa kulinda migomba? Zangu ziko wapi?"

"Kikapu hicho hapo," baba alisema, macho yakiwa kwenye barua. "Hesabu zako."

Mama akavuta kikapu kutoka kwenye goti la mkwewe bila hata kumwomba radhi, akatandaza khanga yake, akaanza. "Moja. Mbili. Tatu..."